Jina Halina Hatia

Msomaji, tuanze kwa sentensi mbili fupi. Ya kwanza: Ramadhani amefika. Ya pili: Ramadhani imefika. Mtoto wa miaka mitano wa mtaa wa Mkomani au Langoni, mjini Amu, akizisikia sentensi hizi hatapotea hata kidogo. Ya kwanza yamwambia kwamba mjomba wake amerudi safarini. Ya pili yamwambia kwamba mwezi mtukufu umeingia na watu wazima hawatakula mchana. Jina ni lile lile, herufi ni zile zile, na sauti ni ile ile. Kinachomtenga mtu na mwezi ni irabu moja tu mwanzoni mwa kitendo. Vivyo hivyo tunao akina Juma, Khamisi, Rajabu na Shaabani, ambao majina yao ni ndugu wa majina ya siku na miezi. Walakini hatujapata kusikia kadhi wala mzee wa mji akitoa amri kwamba wazazi waache kuwaita watoto wao majina hayo ili kalenda isichanganyike na watu.

Kwa nini haikuhitajika amri hiyo? Kwa sababu lugha yenyewe ilijitwika kazi ya kutofautisha. Haikumtwika mzigo huo mwenye jina. Hilo ndilo neno nitakalolitetea katika insha hii, na nitalitetea dhidi ya uzembe mmoja wa zama zetu, unaofanywa na watu hodari ambao kwa mambo mengine wastahili sifa. Uzembe huo umo katika kazi ya kutunga programu za kompyuta.

Yafaa kwanza nieleze jambo lenyewe, kwa kuwa si kila msomaji amelikuta. Kompyuta haisomi maandishi kama tusomavyo sisi. Kila lugha ya programu ina maneno machache ambayo watungaji wake wameyatenga yawe amri peke yake. Mimi hupenda kuyaita maneno ya wakfu, kwa sababu yafanana na kisima au shamba lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti: haliuzwi, halirithiwi, wala halitumiki kwa shughuli nyingine. Lugha iitwayo Python ina maneno 35 ya namna hii. Lugha ya C, ilipowekewa kanuni rasmi mwaka 1989, ilikuwa na maneno 32. Lugha nyingine zina zaidi, na COBOL, iliyotolewa mwaka 1960 kwa ajili ya kazi za biashara na serikali, ina mamia. Karibu yote ni maneno ya Kiingereza cha kawaida: if, while, class, import, from, return, pass. Mwandishi wa programu ana ruhusa ya kuviita vitu vyake kwa jina lo lote alipendalo, ila haya. Akikiita kitu chake class, mashine hudhani ameanza kutoa amri. Huitazama sentensi iliyobaki, haioni maana yake, nayo huikataa kazi nzima.

Mpaka hapa sina ugomvi na mtu. Wakfu ni jambo jema likitangazwa wazi na mipaka yake ikajulikana. Anayeandika programu kwa mkono wake huonywa papo hapo, naye huacha jina alilolibuni mwenyewe na kubuni jingine. Hakuna aliyedhulumiwa. Ugomvi wangu waanza pale mtu anapotunga programu ambayo kazi yake ni kutunga programu.

Labda msomaji atashangaa kusikia kwamba kuna programu itungayo programu, lakini zipo, nazo ni nyingi. Karani huchora jedwali na kuandika vichwa vya safu zake: jina, umri, kijiji, ada. Kisha programu moja huvisoma vichwa vile na kutunga programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuhifadhi habari zile na kuzitafuta zinapotakiwa. Kila kichwa cha safu hugeuka kuwa jina ndani ya maandishi ya ile programu ya pili. Karani hajui kwamba neno lake litasafiri mpaka huko. Hajapata kusoma lugha ya programu, wala hapana haja asome. Yeye ameandika neno la kazi yake, akaenda zake kunywa kahawa.

Sasa tazama kinachotokea neno hilo likiwa la wakfu. Tuchukue mfano wa bandari ya Lamu, katika Ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa mwezi wa Mei, 2021. Sisemi kwamba bandari hiyo imepata hasara ya aina hii. Nasema tu tuyatazame maneno ambayo karani wa bandari yo yote hawezi kufanya kazi bila ya hayo. Kwa Kiingereza cha ofisini, bidhaa iingiayo ni import. Itokayo ni export. Furushi ni package. Itokako ni from. Irudishwayo ni return. Kibali cha kupita ni pass. Neno import ni la wakfu katika Python, Java na JavaScript. Export ni la wakfu katika JavaScript, na package katika Java. From ni la wakfu katika Python na katika SQL, ambayo ni lugha ya kuulizia hazina za kumbukumbu. Pass ni la wakfu katika Python, na return karibu katika lugha zote zitumikazo sana. Msomaji, umeona ajabu hii? Watungaji wa lugha za kompyuta waliyaokota maneno haya sokoni, ofisini na bandarini, kwa wenyewe, wakayazungushia ua. Kisha wenyewe wakirudi kuyatumia huambiwa kwamba wamekosea.

Nami sizungumzi mambo ya kusikia tu. Katika shule moja niliyopata kufundisha tuliletewa programu ya kuwekea daftari la wanafunzi, iliyokuwa ya namna hii hii. Mwalimu mmoja aliandika kichwa cha safu kwa Kiingereza, Class, yaani darasa. Je, kuna neno la haki zaidi kuliko hilo katika daftari la shule? Programu ikalifanya neno lile kuwa la herufi ndogo, ikalitia katika maandishi iliyoyatunga, na maandishi yale yakakataliwa na mashine. Ujumbe uliotoka ulitaja kosa katika mstari ambao hapana mtu miongoni mwetu aliyeuandika. Tulihangaika siku mbili. Mwishowe mwenye kutuuzia akatushauri tuandike Clas, kwa s moja, na mambo yakaenda. Muhula uliofuata karani mpya, mtu mwangalifu wa tahajia, alisahihisha kosa lile katika orodha moja aliyoileta. Orodha mbili zikakataa kuungana. Wanafunzi kadhaa wakaonekana kuwa hawana darasa, na kwa hiyo hawamo shuleni, na kwa hiyo hawamo katika orodha ya waombao msaada wa karo. Tulizirekebisha kwa kalamu usiku kucha. Jina moja lilifika baada ya orodha kufungwa. Mwanafunzi yule hakuwa amekosa lo lote, wala karani hakuwa amekosa; yeye aliandika neno sawasawa. Aliyekosa alikuwa mbali, katika chumba chenye upepo mzuri, na habari hii haijamfikia mpaka leo.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza la mafundi ni hili: waambieni watu wachague majina mengine, maneno ya wakfu ni machache, na majina duniani ni mengi. Ni methali yetu isemayo mwenye nguvu mpishe, ila hapa yatumiwa na mwenye nguvu mwenyewe.

Nalijibu kwa mambo matatu. Kwanza, jina si mali ya fundi. Mwenye kubuni jina ana ruhusa ya kulibadili, lakini fundi huyu hakulibuni, amekabidhiwa. Mtu aliyekabidhiwa amana na akairudisha imepunguzwa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba sanduku lake lilikuwa dogo.

Pili, orodha ya wakfu haitulii. Katika Java neno assert liliongezwa mwaka 2002, na enum mwaka 2004. Katika Python maneno async na await yalifanywa kuwa ya wakfu kamili katika toleo la 3.7, mwaka 2018, na programu ambazo zilikuwa zimeyatumia kwa haki miaka mingi zikavunjika siku watu walipohamia toleo hilo. Ni kama mtu aliyejenga nyumba yake, akaishi ndani, akazaa watoto, kisha akaamka asubuhi moja akakuta bango mlangoni kwamba nyumba ni wakfu. Tukimwambia karani ajiepushe na maneno ya leo, nani atamwambia ajiepushe na maneno ya kesho?

Tatu, lugha za programu ni nyingi, na jedwali moja laweza leo kugeuzwa Python, kesho Java, keshokutwa SQL. Lililo halali hapa ni haramu pale. Kumtaka karani wa kijijini ahifadhi moyoni orodha za lugha zote, ilhali yeye hazitumii hata moja, ni kumtaka abiria ajue kutweka tanga kabla hajaruhusiwa kupanda jahazi.

Jibu la pili la mafundi lina adabu zaidi, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi. Husema: hatutamsumbua karani, programu yetu ikikuta neno la wakfu italibadili kimya kimya, itaongeza mstari mdogo mwishoni au itaondoa herufi isiyotakikana, na mtu hatajua. Hapo ndipo penye mtego, nami nataka kuueleza kwa mfano wa visiwani kwetu.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, na utenzi aliomtungia binti yake, Mwana Hashima, wajulikana kuwa ni wa mwaka 1858. Siku zile Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya p. Tazama basi mashaka ya mwandishi: jina la mtunzi lina p, na jina la kisiwa chake lina p. Hapana mtu aliyemwambia bibi yule abadili jina lake au wenyeji wa Pate wahame. Waandishi waliikabili kazi wenyewe. Wako walioandika p kwa herufi ya b, wakamwachia msomaji akisie. Wako waliotumia alama mbali, herufi ya Kiajemi yenye nukta tatu, ili p iwe p na b iwe b. Sasa linganisha njia hizi mbili. Kwa njia ya kwanza, pata na bata huandikwa sawasawa. Anayejua lugha ataokolewa na maana ya sentensi. Asiyejua hana wokovu. Kwa njia ya pili hakuna wa kuokolewa, maana hakuna aliyepotea.

Kompyuta ndiyo ile asiyejua. Haina cha kukisia. Fundi anayebadili majina kimya kimya, moja moja, bila kanuni, amechukua njia ya pata na bata. Siku moja jina alilolibadili litafanana na jina jingine lililokuwako tangu mwanzo, na mambo mawili yataingia katika chombo kimoja. Mashine haitalalamika. Itaandika la pili juu ya la kwanza, na la kwanza halitaonekana tena. Kosa lipigalo kelele ni afadhali kuliko kosa linyamazalo, kwa sababu la kwanza hutuamsha, na la pili hutuacha tumelala.

Hapa sina budi kutaja alama moja ndogo iliyo katika lugha yetu wenyewe. Tuna sauti tunayoiandika ng', kama katika ng'ombe na ng'ambo. Alama ile ya juu si pambo. Ngoa ni wivu na tamaa ya moyo. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoota mizizi. Kaunti ya Murang'a inayo katika jina lake, na majina mengi ya watu wa bara yanayo, ambao tangu miaka ya 1970 wengi wao wamefanya makao Mpeketoni, katika kaunti yetu ya Lamu, na watoto wao wamo katika madarasa yetu. Lakini katika SQL alama ile ile ndiyo ifungayo maandishi. Programu itungayo amri bila uangalifu ikikutana na Murang'a hudhani kwamba jina limekwisha kwenye Murang, na ile a iliyobaki huichukua kuwa ni sehemu ya amri. Amri huvunjika. Ndipo fundi mzembe hutoa hukumu yake: alama hiyo imekatazwa, andikeni bila ya hiyo. Hivyo wivu na kung'oa vikawa neno moja, na mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina alama akaonekana kuwa si yule wa daftari la shule.

Nami namwambia fundi huyo kwamba hukumu yake ni kiwi cha macho. Kama jina la Murang'a laweza kuvunja amri yake kwa bahati mbaya, basi mwizi aweza kuivunja kwa makusudi. Hii ni mbinu ya kale ya wezi wa kompyuta: huandika alama ya kufunga mahali pa jina, kisha nyuma yake huandika amri zao wenyewe, nayo mashine huzitii. Mlango uliomkwaza mtoto wa shule ndio mlango uliomkaribisha mwizi. Dawa si kukataza alama, bali ni kuacha kuchanganya jina na amri katika pumzi moja: amri ipelekwe peke yake, na jina lipelekwe kando, kama barua na bahasha yake. Hazina nzuri za kumbukumbu zina njia hiyo, wala si jambo la kubuni upya.

Lipo jibu la tatu, nalo ni la kudharau: haya ni mambo madogo, dunia ina shida kubwa kuliko vichwa vya safu. Nasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2020 watu wanaosimamia majina ya chembe za urithi za binadamu walibadili majina ya chembe kadhaa, miongoni mwao SEPT1 na MARCH1, zikaitwa SEPTIN1 na MARCHF1. Sababu haikuwa elimu mpya juu ya miili yetu. Sababu ilikuwa programu ya majedwali, Excel, ambayo kila ilipoona majina yale iliyageuza kuwa tarehe za Septemba na Machi, na makosa yakaenea katika maandishi ya wataalamu. Fikiri, msomaji: elimu ya uhai wa binadamu iliinama ili programu ya hesabu ipite. Ni mwaka 2023 tu ndipo watengenezaji wa programu hiyo walipowapa watu njia rasmi ya kuuzima ugeuzaji ule, baada ya majina kuwa yamekwisha kuhama.

Tena kuna namna moja ya kuandikia mipango ya programu, iitwayo YAML, ambayo kwa kanuni zake za mwaka 2005 neno no lilihesabiwa kuwa ni kukana. Herufi mbili zinazowakilisha nchi ya Norwe ni NO. Mtu alipoandika orodha ya nchi bila kuzitia alama za kunukuu, Norwe iligeuka kuwa si kweli. Kanuni mpya za mwaka 2009 ziliondoa maana hiyo, lakini programu nyingi ziliendelea na zile za zamani. Kama nchi nzima yaweza kukanushwa na herufi zake mbili, usiniambie kwamba jambo ni dogo kwa mtoto mmoja wa Faza au Kizingitini.

Huenda msomaji akauliza: je, yawezekana kufanya vizuri zaidi, au wewe walaumu tu? Yawezekana, na iliwezekana tangu zamani. FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 na kundi la watu lililoongozwa na John Backus, haikuwa na neno hata moja la wakfu. Ilitambua amri kwa mahali pake katika sentensi. PL/I, iliyotungwa katika miaka ya 1960, ilifuata njia hiyo hiyo. Watungaji wa ALGOL 60 walichapa maneno ya amri kwa herufi nene ili yasichanganyike na majina. Na kwa kuwa mashine nyingi hazikuwa na herufi nene, wako waliozizungushia amri alama ile ile ya juu tuitumiayo katika ng'ombe. Katika lugha za siku hizi, C# huruhusu alama ya @ mbele ya jina; Rust ina alama yake kwa ajili ya kazi hiyo; na kanuni za SQL zaruhusu jina kuzungushiwa alama mbili za kunukuu. Milango ipo. Kinachokosekana ni fundi wa kuifungua.

Nakiri kwamba uhuru wa FORTRAN una taabu yake. Lugha isiyo na wakfu yaweza kuandikwa mafumbo yasiyosomeka, ambayo amri na jina vyafanana kama mapacha. Kwa hiyo sitaki wakfu uvunjwe. Nataka yule atungaye programu ya kutunga programu ashike kanuni tatu, nazo zote zatoka katika sentensi yetu ya kwanza.

Kanuni ya kwanza: ayatie alama majina yote, wala asibague. Kiswahili hakikuweka a kwa ajili ya Ramadhani peke yake. Humwekea kila mtu, Ali na Fatuma pia, ambao hawafanani na mwezi wo wote. Hii ndiyo hekima yenyewe. Fundi anayetafuta maneno ya wakfu moja moja na kuyarekebisha, lazima kila mwaka aitafute orodha mpya, na mwaka atakaosahau ndio mwaka wa maafa. Lakini akitanguliza alama moja mbele ya kila jina atokalo kwa watu, na alama hiyo isiwe mwanzo wa neno lo lote la amri, basi orodha na ikue ipendavyo.

Kanuni ya pili: majina mawili yaliyo mbali yabaki mbali, na kila jina liweze kurudishwa kama lilivyokuja. Pata isiwe bata, na ngoa isiwe ng'oa. Kama herufi fulani haikubaliki katika lugha ya mashine, iwekewe badala yake ishara maalumu iliyokubaliwa, na ishara hiyo nayo ikitokea katika jina la mtu iwekewe ishara yake, ili pasibaki shaka.

Kanuni ya tatu: mtu aonyeshwe jina lake, si vazi lililovikwa jina hilo ndani ya mashine. Mambo ya jikoni yabaki jikoni. Mgeni huletewa chakula. Haonyeshwi masizi ya chungu. Na ikiwa kweli kuna neno lisiloweza kupokewa, basi aambiwe mapema, mahali alipoliandika, kwa maneno anayoyafahamu.

Nina neno la mwisho kwako wewe msomaji kijana, ambaye huenda mwakani au mwaka wa pili utaandika programu yako ya kwanza. Utagundua jambo la kupendeza: ukiviita vitu vyako kwa Kiswahili, yaani jina, umri, darasa, bidhaa, itokako, mara chache sana utagongana na wakfu wa mtu, maana wakfu wote ule ni wa Kiingereza. Neno darasa lingalituokoa katika shule ile. Kwa hiyo usione haya kuandika kwa lugha ya mama yako. Si uzuri tu, ni usalama pia. Lakini usijifiche katika usalama huo ukasahau wenzako. Programu zako zitapokea majina ya watu usiowajua, wa lugha usizozisikia, yenye alama usizozipenda. Siku hiyo ndipo utakapopimwa.

Wenyeji wa kisiwa chetu hukiita Amu, na vitabu vya serikali hukiandika Lamu. Majina yote mawili yaishi, na hapana mtu aliyelazimishwa kuacha lake ili jahazi lipate bandari ya kutia nanga. Basi mashine nayo ifundishwe adabu hiyo. Jina linapofika mlangoni pako, ewe fundi, usilitazame kwanza kama lafaa mlango. Utazame mlango. Ukiwa ni mwembamba, upanue. Jina ni la mwenyewe, wala halina hatia.